Gwakamole ihesabu kwenye mafuta ya mlo, si kwenye matunda

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina mgahawa mdogo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Siku hizi natengeneza parachichi la kuponda lenye kitunguu, nyanya, pilipili, giligilani na ndimu. Vijana wanaliita gwakamole, na linatoka sana, hasa likiliwa na chipsi. Sasa mteja wangu mmoja mwenye presha ameacha kula, anasema kaambiwa lina lehemu. Mwingine anamaliza bakuli zima kila siku akitaka kupunguza kitambi. Na binti yangu anataka kumpa mjukuu wangu wa miezi minane. Naomba unieleze ndani yake kuna nini hasa, na kama ipo tofauti kati ya maparachichi ya kienyeji na haya ya Hass.

Jibu: Shikamoo mama. Nianze na mteja wako mwenye presha, maana amekikimbia chakula kwa kosa ambalo chakula hicho hakina. Parachichi halina lehemu, yaani kolesteroli. Lehemu hutengenezwa na miili ya wanyama, sisi binadamu tukiwemo, ndiyo maana tunaikuta kwenye kiini cha yai, maini, nyama na maziwa yasiyotolewa mafuta. Kitunguu, nyanya, pilipili, giligilani na ndimu nazo hazina. Kama huongezi mayonezi wala krimu, jambo ambalo baadhi ya wapishi hulifanya ili rojo liwe laini, basi bakuli lako halina lehemu kabisa, na unaweza kumwambia hivyo bila wasiwasi.

Kilichomtisha ni mafuta, na mafuta yapo, tena ya kutosha. Ukichukua gramu 100 za nyama ya parachichi, bila ganda wala kokwa, gramu 73 hivi ni maji na karibu gramu 15 ni mafuta. Nishati yake ni kilokalori 160 hivi, wakati ndizi mbivu ya uzito huohuo haifiki 90. Sukari haifiki hata gramu moja. Protini ni gramu 2 tu. Nyuzinyuzi ni gramu 6 hadi 7, na hicho ni kiwango kikubwa kwa kitu kinachoteleza mdomoni namna ile. Watu wengi hawaamini kwamba parachichi lina nyuzinyuzi mpaka wakione kipimo.

Katika zile gramu 15 za mafuta, karibu 10 ni za aina inayopatikana kwa wingi kwenye mafuta ya zeituni, inayobaki majimaji na isiyopandisha kwenye damu lehemu mbaya, ile inayoziba mishipa. Gramu 2 tu ndizo za aina inayoganda, ile ya samli na nyama nono. Kwa hiyo ubora wa mafuta haya sina shaka nao. Kinachohitaji hesabu ni wingi wake.

Na hesabu yenyewe tuifanye kwa bakuli, kwa sababu wewe huuzi parachichi tupu. Tuseme umeponda gramu 600 za nyama ya parachichi, yaani matunda mawili makubwa au matatu ya kawaida, ukatia kitunguu kimoja, nyanya mbili ndogo, maji ya ndimu vijiko viwili vya chakula, fungu dogo la giligilani na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Unapata rojo la gramu 870 hivi. Nyanya na kitunguu vina maji mengi, kwa hiyo vinapunguza makali: kila gramu 100 za mchanganyiko huo zina kilokalori zipatazo 117, mafuta gramu 10, nyuzinyuzi gramu 5, protini gramu moja na nusu, potasiamu karibu miligramu 400 na vitamini C miligramu 11 hivi. Bakuli dogo la kumhudumia mtu mmoja, tuseme gramu 120, linabeba gramu 12 za mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti kina gramu 14 hivi. Umeona vinavyokaribiana.

Ndiyo sababu nawaambia wateja wangu gwakamole waihesabu kwenye mafuta ya mlo. Wengi wetu huku nyanda za juu kusini tumekua na mti wa parachichi nyuma ya nyumba. Tumezoea kulila kama tunda, baada ya kushiba, juu ya chakula ambacho tayari kimeungwa kwa mafuta. Kwa mtoto wa shule anayekimbia kutwa nzima, au kwa mkulima anayepanda na kushuka vilima vya Rungwe, hakuna neno. Kwa mtu anayekaa ofisini au dukani siku nzima na anatafuta kupunguza uzito, hapo mambo hubadilika.

Tumrudie mteja wako wa kitambi. Mwaka 2022 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti uliohusisha watu wapatao 1,000, wote wenye viuno vipana. Nusu yao walipewa parachichi moja kubwa kila siku kwa miezi 6, na nusu nyingine waliendelea na mlo wao wa kawaida. Hakuna aliyeambiwa apunguze kitu kingine. Mafuta ya ndani ya tumbo yalipimwa kwa mashine ya MRI. Mwishowe vitambi vya waliokula parachichi vilikuwa sawa na vya wenzao, na uzito vilevile. Lehemu mbaya ilishuka kwa kiasi kidogo mno. Yaani kuongeza parachichi juu ya kila unachokula hakukuharibii, lakini kitambi hakiondoki kwa njia hiyo.

Sasa linganisha na utafiti wa 2015 wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania. Huo ulikuwa mdogo, watu 45 tu wenye uzito uliozidi, ila chakula chao kilipimwa kwa uangalifu mkubwa. Kila mmoja alipitishwa kwenye milo ya aina tatu, wiki 5 kwa kila mlo. Katika mmoja wapo parachichi moja kwa siku lilichukua nafasi ya mafuta mengine, bila kuzidisha nishati. Katika mlo huo lehemu mbaya ilishuka kwa miligramu 13.5 katika kila desilita ya damu. Mlo wa mafuta kidogo usio na parachichi uliishusha kwa 7.4. Tunda ni lilelile, tofauti ni kwamba hapa kuna kitu kilichoondolewa ili lenyewe liingie. Tafiti zote mbili zilipata fedha kutoka bodi ya biashara ya maparachichi ya Hass ya Marekani, na ni vizuri msomaji alijue hilo. Hata hivyo ule mkubwa wa 2022 haukuogopa kusema kitambi hakikupungua, nami nauheshimu kwa hilo.

Kwa hiyo mteja wako wa kitambi mwambie hivi: akila gwakamole, kitu kingine chenye mafuta kitoke kwenye sahani. Hapo ndipo chipsi zinaponisumbua, mama. Najua ndizo zinazotoka, na najua viazi vyetu vya Mbeya na Njombe ni vitamu vikikaangwa. Lakini viazi vilivyotoka kwenye karai vimeshanyonya mafuta yake, kisha unaweka juu yake gramu 12 nyingine. Viazi vilevile vikichemshwa na maganda yake, vikakatwa vikiwa vya moto na gwakamole ikawekwa pembeni, ni chakula cha aina nyingine kabisa kwa upande wa nishati, na kwa maoni yangu ladha ya parachichi husikika zaidi. Ndizi za kuchemsha zinafaa sana. Magimbi pia. Kande kavu isiyoungwa inafaa kupita zote, kwa sababu mahindi na maharage vinaleta protini ambayo parachichi linayo kidogo tu, na ndimu iliyomo husaidia mwili kuvuna madini chuma ya kwenye maharage. Asubuhi, kwenye mkate, gwakamole ikae mahali pa siagi au majarini, isipakwe juu yake.

Kuna jambo moja ambalo natamani kila mama lishe wa mkoa huu alijue, nalo linahusu mboga za majani. Karoti, mchicha, majani ya maboga na chainizi vina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Karotini haisafiri peke yake kutoka utumbo kwenda kwenye damu, inahitaji mafuta. Nyumba nyingi hupika mboga chukuchuku, ama kwa kubana matumizi ama kwa kuogopa mafuta, na sehemu kubwa ya karotini hiyo hupita mwilini bila kutumika. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwapa watu saladi ya karoti, spinachi na letusi, mara moja bila parachichi na mara nyingine ikiwa na gramu 150 za parachichi. Karotini ya aina ya beta iliyoingia kwenye damu iliongezeka kwa takribani mara 15. Walipojaribu na mchuzi mbichi wa nyanya, likopeni, ile inayoipa nyanya wekundu wake, iliongezeka kwa zaidi ya mara 4. Parachichi lenyewe lina vitamini A kidogo sana, lakini linaufungulia mwili ile iliyomo kwenye mboga. Mgahawani kwako hili ni rahisi kulifanya: sahani ya ugali, maharage na mboga ya chukuchuku, na vijiko viwili vya gwakamole pembeni. Mafuta ya kuungia unaokoa, mteja anapata vitamini yake.

Sasa presha. Potasiamu husaidia mwili kutoa sodiamu na kulegeza mishipa, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku. Bakuli lako la gramu 120 linampa kama 475. Kwa uzito uleule parachichi lina potasiamu nyingi kuliko ndizi mbivu, 485 dhidi ya 358 katika kila gramu 100, ingawa sifa zote amepewa ndizi. Kwa hiyo mwenye presha hana sababu ya kuliogopa tunda hili. Anachopaswa kukiogopa ni mkono wa mpishi kwenye chumvi. Kijiko kimoja cha chai kina gramu 6 hivi za chumvi, na shirika hilohilo linataka mtu asivuke gramu 5 kwa siku nzima, kutoka vyakula vyote. Kijiko hicho kikigawanywa kwenye bakuli lote, kila mteja anapata chini kidogo ya gramu moja, jambo linalovumilika. Ila akinyunyizia chumvi kwenye chipsi na kumalizia na sosi ya nyanya, anaondoka amekula nusu ya chumvi yake ya siku kwa sahani moja. Jaribu nusu kijiko, kisha ongeza ndimu, pilipili na giligilani. Ulimi hautadai.

Hata hivyo muulize, kwa heshima na faraghani, kama figo zake ni nzima. Mtu ambaye figo zimechoka hushindwa kutoa potasiamu, nayo ikizidi kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo. Dawa kadhaa za presha, kama vile lisinopril, enalapril, losartan na spironolactone, nazo huifanya potasiamu ibaki mwilini. Anayezitumia na figo zake ni nzima hana haja ya kuacha bakuli dogo mara chache kwa wiki, lakini anayekula mengi kila siku amwambie daktari wake. Na anayetumia warfarin ya kuzuia damu kuganda asibadilishe ghafla kiasi anachokula, maana parachichi lina vitamini K.

Kuhusu mjukuu: mpeni, tena kwa furaha, ila asipewe gwakamole. Toeni sehemu yake kabla ya kutia chumvi, pilipili, kitunguu na ndimu. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hahitaji chumvi ya kuongezwa. Parachichi lililoiva, likapondwa kwa uma safi, ni laini kwa fizi zake, na lina kile ambacho uji mwepesi hauna, yaani nishati nyingi ndani ya kijiko kidogo. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo. Ukimjaza uji wa majimaji anashiba kabla hajapata anachohitaji. Kijiko kimoja cha chakula cha parachichi kikikorogewa ndani ya uji ulioipuliwa huongeza kilokalori 24 hivi bila kumjaza.

Hapa niruhusu nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili linaniuma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta udumavu kwa karibu asilimia 57 ya watoto walio chini ya miaka mitano mkoani Iringa, na karibu asilimia 50 Njombe na Rukwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi, viazi, maharage na maparachichi. Chakula kipo, kinapakiwa kwenye malori, kinaondoka, na mtoto anabaki na uji mweupe. Tunda moja pekee haliwezi kumaliza udumavu. Parachichi lina protini kidogo, madini chuma kiasi cha nusu miligramu tu kwa gramu 100, na zinki kidogo. Mtoto anahitaji pia yai, dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa, maziwa ya mama kuendelea, na mboga. Lakini nyumba yenye mti uani haina sababu ya kumnyima parachichi kwa kuwa eti ni zito kwa mtoto. Mpeni kijiko kimoja siku ya kwanza mkiangalia kama ngozi au tumbo linalikataa, kisha ongezeni taratibu.

Wajawazito nao watakuuliza, kwa hiyo nijibu mapema. Parachichi lina foleti, inayohitajika kujenga uti wa mgongo wa mtoto, na bakuli la gramu 120 la gwakamole linampa mama kama mikrogramu 70 kati ya 600 anazohitaji kwa siku. Ni mchango mzuri. Vidonge anavyopewa kliniki aendelee navyo, na asidhani parachichi linaongeza damu. Kwa madini chuma ni tunda maskini.

Usafi nao ni sehemu ya lishe. Osha ganda kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kisu kupita, maana kisu huingiza ndani kila kilichokuwa nje. Rojo likibadilika rangi na kuwa kahawia, ni hewa imekutana na kimeng'enya kilichomo kwenye nyama ya tunda. Si sumu, ingawa ladha inashuka na vitamini C inapungua. Ndimu huchelewesha. Nailoni safi iliyobanwa juu ya rojo lenyewe, bila kuacha hewa katikati, huchelewesha zaidi. Kutumbukiza kokwa katikati hakusaidii ila pale tu kokwa lilipogusa. Ponda kidogo kidogo kadiri wateja wanavyokuja, na lililokaa nje zaidi ya saa mbili usimuuzie mtu, hata kama baridi ya Mbeya inakushawishi. Kokwa usilisage kuwa dawa kama inavyosambazwa kwenye simu, kwani usalama wake haujathibitishwa. Na ukipogoa mti, majani usiwatupie mbuzi: yana sumu iitwayo pesini, inayodhuru moyo na viwele vyao.

Nimalizie na Hass. Hass ni dogo, ganda lake lina vipele na hugeuka jeusi likiiva. Mafuta yake ni karibu gramu 15 kwa gramu 100. Yale makubwa yenye ganda laini la kijani kwa kawaida yana maji zaidi. Aina za namna hiyo zinazolimwa Florida zimepimwa na kukutwa na gramu 10 za mafuta na kilokalori 120. Ya kwetu ya kienyeji yanatofautiana mti kwa mti, lakini yale yanayochuruzika maji ukiyaponda ndiyo yenye mafuta machache. Kwa mteja wa kitambi, hilo la kienyeji lenye maji linamfaa zaidi. Kwa mjukuu, chagua lenye nyama nzito. Kwa ladha ya gwakamole Hass hushinda, kwa sababu rojo lake hukaa bila kutoa maji.

Ila usilipe bei ya Hass ya kwenda nje. Kwenye vituo vya kufungashia, matunda madogo mno au yenye makovu kwenye ganda hukataliwa na huishia masokoni kwetu kwa bei nafuu, na kovu la ganda halipunguzi kitu ndani. Cha kuchunguza ni ukomavu. Parachichi halijazi mafuta likishachumwa. Huyajaza likiwa mtini, na lililovunwa changa hunywea ganda badala ya kulainika, likabaki kama mpira na lenye uchungu. Ukinunua gunia, weka matatu au manne ndani kwa siku kadhaa kabla ya kumlipa muuzaji zote, na yakianza kusinyaa upande wa kikonyo bila kulainika, mrudishie.